Dawa ya pumu isigeuzwe kashfa

Septemba 2017, mwendesha baiskeli Chris Froome, mzaliwa wa Nairobi, alipimwa mkojo katika mashindano ya Vuelta, Hispania. Ilikutwa salbutamol, dawa ya pumu, nanogramu 2,000 kwa mililita. Kiwango kinachoruhusiwa ni 1,000. Alisafishwa Julai 2018. Katikati alishinda Giro d'Italia, huku mashabiki wasijue wamshangilie au wamzomee.

Mtu aliyepungukiwa maji hutoa mkojo mzito, na kipimo hupanda. Hilo ni swali la maabara. Kulijibu kwa takriban miezi kumi ni uzembe. Na anayeumia si bingwa peke yake. Mtoto mwenye pumu anasikia inhela yake ikitajwa pamoja na wadanganyifu, anaanza kuificha. Mzazi, hakikisha anakwenda nayo uwanjani.