Mkristo na Msambwa: tuulize nani anayeokoa

Na Wafula Simiyu

Kila mwaka wa tohara swali hili hurudi, Bungoma hata Kitale: je, Mkristo anaweza pia kuwa mfuasi wa Dini ya Msambwa? Mimi nasema hawezi. Lakini sababu ambazo makanisa yetu hutoa haziniridhishi hata kidogo.

Mtazame Elijah Masinde mwenyewe, mwanzilishi wa dini hiyo. Mwana wa Kimilili huyu alikuwa mwanakandanda aliyeichezea Kenya katika Kombe la Gossage, tena muumini wa kanisa la Friends. Kanisa lilimtenga kwa kuoa mke wa pili. Hakutengwa kwa kumkana Kristo. Kufikia miaka ya 1940 alikuwa akiwahimiza Wabukusu wayaache makanisa ya wazungu na kumrudia Wele, Mungu wa mababu. Wafuasi wake, wakiwemo vibarua wa mashamba ya walowezi Trans Nzoia, waliugeukia Mlima Elgon kama Sayuni yao. Wakoloni walimfungia Masinde katika hospitali ya Mathari kama mwendawazimu. Februari 1948 polisi wakaua watu 11 Malakisi, dini ikapigwa marufuku, naye akahamishiwa Lamu. Kenya huru iliihalalisha mwaka 1964, ikaipiga marufuku tena 1968.

Risasi na marufuku havijamfundisha mtu yeyote imani. Wazee wengi waliendelea kwenda kanisani Jumapili na kufanya mengine nyumbani kwa siri, kwa kuwa walichoogopa ni kutengwa tu.

Agosti ya mwaka wa tohara kijana wa Kibukusu hutoka mtoni alfajiri, mwili mzima umepakwa matope baridi na jani limechomekwa kichwani. Husindikizwa kwa wimbo wa Sioyaye hadi kwa baba yake, asimame wima mbele ya ngariba bila kupepesa jicho. Mchungaji akiniambia kwamba matope hayo ni ushetani, simkubalii. Hayo ni mafunzo ya ujasiri na undugu, sawa na nyama ambayo mjomba humvika mpwa wake. Lakini katika baadhi ya maboma kuna namwima, kibanda kidogo ambako mzee humwaga busaa, akiwataja wafu kwa majina na kuwaomba wamlinde mtoto. Hapo ndipo penye tofauti, na ni kubwa. Anayeungama kwamba Kristo ndiye mpatanishi wake hawezi kuwapelekea marehemu ombi hilo hilo.

Kipimo hiki cha nani anayeokoa nakitumia hata kwa dini za mbali. Scientology, iliyoanzishwa na Mmarekani L. Ron Hubbard katika miaka ya 1950, huwaambia wanaojiunga kwamba wanaweza kubaki Wakristo. Lakini inafundisha kwamba binadamu ni roho isiyokufa inayojikomboa hatua kwa hatua, kwa vikao vya ushauri na kozi za kulipiwa. Injili inasema wokovu ni neema, haununuliwi. Mtu hawezi kuyaamini yote mawili kwa moyo mmoja, hata akikaribishwa kwa ukarimu wa namna gani. Angalau Masinde alisema wazi: tokeni huko, njooni huku. Ninamheshimu kwa hilo, ingawa simfuati.

Kinachoniuma ni kuona mzee wa kanisa akikaguliwa idadi ya wake na chupa za pombe, ilhali hakuna anayemuuliza anamwomba nani usiku mtoto anapougua. Linaniuma zaidi kanisa linapokataa kuongoza maziko ya mama aliyetoa sadaka maisha yake yote, eti familia yake imefanya mila.

Mchungaji anayepanga kusimamisha ushirika wa baba fulani Agosti hii, namsihi aende kwanza bomani kwake, kabla kijana hajaenda mtoni. Akae na baba na mjomba, aulize ulinzi wa mtoto unaombwa kwa nani, asikilize jibu hadi mwisho, ndipo afungue Biblia.