Risala ya Wapimaji wa Programu kwa Menejimenti

Ndugu Mkurugenzi Mtendaji,

Sisi wafanyakazi wa kitengo cha upimaji tunakuja mbele yako kwa heshima, na kwa uchungu. Tangu kampuni inunue mfumo wa majaribio yanayojiendesha, wenzetu wamepunguzwa kazi, nasi tuliobaki kazi yetu ni kutazama skripti zikipita na kutia sahihi.

Mashine hatuikatai. Kurudia hesabu zilezile usiku kucha kila programu inapoguswa, hapo imetushinda kabisa. Ila skripti hukagua lile tu ambalo mtu alishaliwaza. Toleo lililopita lilifaulu majaribio yote, likafika kwa mawakala wa pesa za simu, na fomu ya usajili ikawakataa wateja wenye majina kama Ng'wandu na Ng'washi kwa sababu ya ritifaa. Mpimaji aliyekulia Shinyanga angeanza na majina hayo.

Mahali pengine kosa la namna hii limeua. Mwaka 1986, katika hospitali ya saratani mjini Tyler, Texas, mashine ya mionzi ya Therac-25 ilimuunguza mgonjwa. Wahandisi waliipima, hawakuona kosa, ikarudishwa kazini. Wiki tatu baadaye ikamuunguza wa pili. Ndipo mwanafizikia wa hospitali na opereta wakakaa kwenye kibodi, wakajaribu hivi na vile, mpaka wakaunasa mchezo: opereta mzoefu akisahihisha maandishi haraka, ndani ya sekunde 8, mashine huvurugika. Anayefuata hatua polepole haoni kitu. Wagonjwa wale wote wawili walifariki.

Kwa hiyo tunadai wenzetu warudishwe. Kila toleo litengewe muda wa upimaji huru, usiofungwa na orodha, nasi tupelekwe kwa mawakala tuone wateja wanavyobonyeza simu zao mtandao ukikatika katikati ya muamala. Mpimaji akiwa na shaka yenye hoja, awe na mamlaka ya kulizuia toleo hata kama skripti zote zimepita.

Na tusipimwe tena kwa idadi ya skripti tulizoandika. Hili ndilo linalotuuma zaidi, kwa kuwa anayeshinda siku nzima akiwinda hitilafu moja ya hatari huonekana mvivu.

Tunaomba majibu kwa maandishi kabla ya toleo lijalo kwenda kwa wateja.

Tunaomba kuwasilisha.

Wafanyakazi, Kitengo cha Upimaji