Pikipiki Yako, Fundi Wako na Daftari Lako

Siku hizi pikipiki inafanya kazi kubwa katika milima yetu ya Mlalo. Inapeleka viazi na kabichi gulioni. Inapandisha mbolea shambani. Usiku wa manane inamfikisha mama mjamzito kwenye kituo cha afya. Mizigo ambayo mama zetu waliibeba kichwani kwa saa nyingi, sasa inafika kwa dakika chache.

Lakini vijana wengi wanaoendesha pikipiki hizo si wenye mali. Wamepewa kwa mkataba. Kila siku au kila juma wanapeleka hesabu kwa mwenye pikipiki. Pikipiki ikiharibika, kazi inalala, lakini hesabu hailali. Kwa hiyo inatupasa tujiulize swali hili: Ni nani anayepaswa kuitunza pikipiki, mwendeshaji au fundi?

Wako watu wanaosema, "Mimi si fundi. Kazi yangu ni kuendesha. Ikiharibika nitaipeleka gereji." Mtu huyu hagusi hata nati moja. Anangoja mpaka pikipiki izime njiani.

Wako wengine wanaosema, "Mafundi wanatuibia. Nitaitengeneza mwenyewe." Mtu huyu ana spana mbili na nyundo. Anaifungua injini chini ya mti, na siku ya kuifunga anabaki na boliti tatu mkononi asijue zilitoka wapi.

Maoni yangu ni kwamba wote wawili wamekosea. Utunzaji wa kila siku ni kazi ya mwendeshaji, wala hawezi kumwachia mtu mwingine. Matengenezo ya ndani ni kazi ya fundi. Na katikati ya hao wawili liwepo daftari.

MILIMA HAISAMEHE

Katika nchi tambarare, mtu mwenye breki mbovu anaweza kupunguza mwendo akasimama mbele kidogo. Kwetu sivyo. Fikiria barabara inayoshuka kutoka Mlalo kwenda Mng'aro, au njia za kwenda Mtae. Kona zimefuatana, upande mmoja ni ukuta wa mlima na upande wa pili ni bonde. Mvua ikinyesha, udongo mwekundu unateleza kama sabuni. Mahali kama hapo breki ndiyo uhai wako na wa abiria wako.

Wako waendeshaji wanaozima injini kwenye mteremko ili kuokoa petroli. Hiyo ni hatari kubwa. Injini ikiwa inafanya kazi katika gia ndogo, inasaidia kuizuia pikipiki. Ukiizima na kuacha gia huru, uzito wote wa pikipiki, abiria na gunia la lumbesa unabaki juu ya breki peke yake. Breki zikisuguana kwa muda mrefu zinapata moto. Zikipata moto mno hazishiki. Petroli uliyookoa haiwezi kununua mguu mpya.

Fundi hayupo pale kwenye mteremko. Breki aliyoikaza mwezi uliopita imekwisha kulika. Anayeweza kujua hali yake leo asubuhi ni wewe.

KAZI ZA MWENDESHAJI MWENYEWE

Kabla ya kutoka asubuhi, tumia dakika 10 kukagua mambo haya:

1. Breki. Kanyaga ya nyuma, vuta ya mbele. Je, zinashika mapema, au mpaka mwisho kabisa? Pikipiki nyingi zina mshale mdogo pembeni pa ngoma ya breki ya nyuma. Kanyaga breki uutazame. Mshale ukipita alama yake, breki imelika, na dawa yake ni kubadili wala si kukaza tena.

2. Oili. Simamisha pikipiki wima mahali tambarare, injini ikiwa imezimwa. Katika milima yetu jambo hili linasahaulika. Ukipima kwenye mteremko, oili inakimbilia upande mmoja na kipimo kinadanganya. Oili iwe kati ya alama mbili, ya chini na ya juu.

3. Mnyororo. Ubonyeze katikati kwa kidole. Kwa pikipiki nyingi ndogo, ucheze kiasi cha sentimita 2 hadi 3. Ukilegea sana unaweza kuruka meno. Ukikazwa sana unaharibu beringi. Usafishe na kuupaka mafuta, hasa baada ya mvua.

4. Tairi. Tazama upepo, nyufa na misumari. Tazama pia kama vijito vya tairi vimekwisha. Tairi lenye kipara halishiki udongo.

5. Taa na honi. Ukungu wa Usambara hauna saa. Asiyekuona atakugonga.

6. Chujio la hewa. Hili si la kila siku. Wakati wa kiangazi, vumbi likiwa jingi, lisafishwe mara kwa mara. Injini inayovuta vumbi inalika upesi.

Kazi hizi hazitaki cheti. Zinataka macho, mikono, spana chache na moyo wa kujali. Wahenga walisema: Usipoziba ufa, utajenga ukuta.

Neno moja kuhusu oili chafu. Ukibadili oili, usiimwage mferejini. Mto Umba unaanzia katika milima hii ya Usambara na kwenda mpaka baharini. Maji yanayopita kwetu yanamwagilia bustani za mboga na kunywewa na watu wengine mbele. Ihifadhi oili chafu kwenye dumu.

KAZI ZA FUNDI

Injini ikitoa moshi wa buluu, inachoma oili. Ikigonga kwa ndani, au gia zikikataa kuingia, usiifungue mwenyewe. Pistoni, ringi, valvu na gia zina vipimo vidogo sana. Kuna vifaa maalum vya kupimia na kufungulia. Fundi amejifunza kazi hiyo kwa miaka, chuoni au kwa kumtazama fundi aliyemtangulia.

Tusiwaonee mafundi. Ni kweli kwamba wako wadanganyifu, kama walivyo katika kila kazi. Lakini mara nyingi sisi ndio tunaowapelekea maiti na kuwataka waifufue kwa shilingi elfu tano. Tunapitisha miezi bila kubadili oili, kisha injini ikikwama tunasema fundi ameiharibu. Tunanunua kipuri cha bei ya chini kuliko vyote, kikikatika tunamlaumu aliyekifunga.

Hata hivyo, kumwamini fundi si kumfumbia macho. Mwenye pikipiki mmoja anaweza kuzungumza na fundi wake hivi:

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Pole na kazi. Pikipiki inapoteza nguvu ikipanda mlima."

"Itakuwa klachi, mama. Tubadili sahani zake."

"Sawa. Kabla hujaanza, nitajie bei ya vipuri na bei ya ufundi, kila moja peke yake, niandike. Tena sahani za zamani usizitupe. Nitaziona."

"Hamna taabu, mama. Nitakuonyesha zilivyolika."

Hapo hakuna aliyemtukana mwenzake. Fundi mwaminifu anafurahi kupata mteja kama huyu, maana kazi yake inaonekana. Fundi mdanganyifu ndiye anayeogopa kalamu.

KUSOMA KUNASAIDIA NINI?

Mwaka 1970 Mwalimu Nyerere aliutangaza kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima. Katika miaka ile kisomo chenye manufaa kilitumia vitabu vilivyohusu kazi za watu: pamba, migomba, ng'ombe, uvuvi. Watu walisoma herufi na huku wakijifunza kazi. Leo kazi ya vijana wetu wengi ni pikipiki. Basi pikipiki nayo iwe kitabu chetu.

Tazama chupa ya oili. Imeandikwa 20W-50 au namba nyingine za namna hiyo. Namba yenye herufi W inaeleza jinsi oili inavyokuwa nyepesi au nzito ikiwa baridi. Namba ya pili inaeleza inavyokuwa ikipata moto. Kitabu cha pikipiki yako kinataja namba inayofaa. Tafuta pia herufi JASO MA. Katika pikipiki nyingi oili ya injini ndiyo hiyo hiyo inayoilowanisha klachi. Oili yenye alama hiyo imetengenezwa ili klachi isiteleze. Baadhi ya oili za magari hazifai kwa kazi hiyo.

Tazama tairi. Ubavuni utaona ukubwa wake, kwa mfano 3.00-17. Kuna pia mshale unaoonyesha upande wa kuzunguka. Tairi nyingi zina namba nne zinazoonyesha lilipotengenezwa. Zikiwa 2319, maana yake ni juma la 23 la mwaka 2019. Tairi linaweza kuwa jipya dukani na huku ni zee kwa umri. Muuzaji hatakuambia, lakini ubavu wa tairi utakuambia.

Mtu asiyesoma maandishi hayo anauziwa chochote. Anayesoma anachagua.

MALI BILA DAFTARI

Wazee wetu walisema: Mali bila daftari hupotea bila habari. Chukua daftari la shule. Chora safu nne: tarehe, kilomita, kazi iliyofanyika, na gharama. Kila oili inapobadilishwa, kila kipuri kinapofungwa, andika.

Tuseme umebadili oili pikipiki ikiwa imesoma kilomita 12,400, na kitabu chake kinasema ubadili kila kilomita 2,000. Jumlisha: 12,400 + 2,000 = 14,400. Andika namba hiyo kubwa. Ikifika, badili. Usingoje injini ikukumbushe.

Sasa tufanye hesabu ya fedha. Bei hizi ni za mfano. Ninyi wekeni za kwenu. Tuseme oili ni shilingi 12,000 na inabadilishwa mara moja kwa mwezi. Kwa mwaka ni 12,000 × 12 = 144,000. Mwendeshaji mmoja akaona azibanie fedha hizo. Injini ikakwaruzika. Vipuri na ufundi vikawa 200,000. Pikipiki ikalala siku 5, na hesabu ya kila siku ni 8,000, yaani 40,000. Jumla ni 240,000. Amebania 144,000, amelipa 240,000. Na chakula cha nyumbani kwa siku hizo 5 hatujakihesabu.

Daftari hili linaondoa pia ugomvi mkubwa unaovunja mikataba mingi. Mwendeshaji anasema, "Pikipiki si yangu, kwa nini ninunue oili?" Mwenye mali anasema, "Wewe ndiye unayeitumia." Wakishindana hivyo, hakuna anayenunua, na pikipiki inakufa mikononi mwa watu wawili. Katika mkataba iandikwe wazi nani ananunua oili, nani ananunua tairi na breki, na nani analipa injini ikifunguliwa. Wote watie sahihi. Kila mwisho wa juma walifungue daftari pamoja. Mama aliyenunua pikipiki kwa mkopo wa VICOBA asione aibu kuuliza kilomita. Ni mali yake na deni ni lake.

Mwenye mali naye asiwe mgumu kupita kiasi. Akimlazimisha kijana alete hesabu kamili siku ambayo breki zimekwisha, anamsukuma kwenye kona na abiria wa watu. Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973 inataka chombo kilicho barabarani kiwe kizima. Lakini kabla ya sheria kuna utu.

Ndugu msomaji, usiwe mtumwa wa gereji, wala usijifanye fundi wa kila kitu. Fanya mwenyewe unayoyaweza, kila asubuhi. Mpe fundi yaliyo yake, umheshimu na umwulize. Yote yaandike. Pikipiki itadumu, mkataba utakwisha kwa amani, na abiria atafika kwake akiwa mzima.

MASWALI YA KUJADILI DARASANI

1. Taja mambo matano ambayo mwendeshaji anapaswa kuyatazama kila asubuhi.
2. Kwa nini ni hatari kuzima injini kwenye mteremko?
3. Tairi limeandikwa 4121. Lilitengenezwa juma gani na mwaka gani?
4. Oili ilibadilishwa kwenye kilomita 8,750. Ikiwa inabadilishwa kila kilomita 2,000, itabadilishwa tena lini?
5. Katika kijijini kwenu, nani hununua oili: mwendeshaji au mwenye pikipiki? Je, utaratibu huo ni wa haki? Toeni sababu.