Siri ya Mgonjwa na Daftari la Pamoja

Siri ya mtungi aijuaye kata. Je, siri ya mgonjwa aijue nani? Mgonjwa atokaye zahanati ya Yatta kwenda Hospitali ya Rufaa ya Machakos aghalabu hubeba historia yake katika daftari la shule. Likipotea, vipimo huanza upya.

Wapo wanaopendekeza blokicheni ya faragha, yaani daftari la pamoja la kielektroniki ambalo taasisi zilizoidhinishwa pekee hushika nakala zake, na ambalo haliwezi kubadilishwa na mmoja bila wengine kugundua. Hapana shaka lina manufaa. Hata hivyo, kosa likishaandikwa humo hudumu, ilhali Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 humpa mtu haki ya kutaka habari zake zisahihishwe au zifutwe. Kwa hivyo, maelezo ya ugonjwa yabaki hospitalini. Blokicheni itunze tu kumbukumbu ya nani alifungua faili, lini, na kwa idhini ya nani.

Idhini yenyewe ni suala la lugha. Sheria hiyo yataka itolewe kwa hiari na kwa kuelewa. Katiba ya 2010, katika Kifungu cha 7, inakitambua Kiswahili kuwa lugha rasmi. Mgonjwa akitia sahihi fomu ya Kiingereza asiyoielewa, hajaidhinisha lolote. Ni jukumu la vyama vya Kiswahili vyuoni kutunga istilahi na kuandika fomu atakayoisoma, au atakayosomewa, akajua ni nani atakayeifungua siri yake.