USALAMA KWANZA... KWANZA KWA NANI?

Naomba tuachane kidogo na siasa na mpira, tuongelee kitu kinachowagusa vijana wengi wa huku kwetu, kuanzia Mbagala, Tandika na Keko mpaka Tegeta na Bunju. Naongelea kazi za kibarua, na hayo yanayoitwa mafunzo ya usalama na afya mahali pa kazi.

Pita kwenye saiti yoyote kubwa ya ujenzi hapa Dar. Getini utakuta bango limeandikwa USALAMA KWANZA. Pembeni kachorwa jamaa kavaa kofia ngumu, buti, glovu na kizibao kinachong'aa. Sasa chungulia ndani. Kijana yuko juu ya mirunda, miguuni ndala, begani ndoo ya zege. Ukimuuliza kama aliwahi kufundishwa chochote kuhusu usalama atacheka. Amefika asubuhi, kaonyeshwa koleo, kaanza kazi.

Hoja yangu leo ni moja tu. Sheria ipo, mafunzo yapo na vyeti vipo. Ila mafunzo yanamkosa mtu wa juu anayeamua, na yanamkosa mtu wa chini anayeumia. Yanaishia kwa mtu wa katikati, anapewa cheti, cheti kinatiwa kwenye fremu ofisini, biashara imeisha. Mimi si injinia wala mwanasheria, nimeishia kidato cha nne, ila hili halihitaji digrii kuliona.

SHERIA INASEMAJE?

Tusidanganyane kwamba Bongo hatuna sheria. Tunayo Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi, namba 5 ya mwaka 2003. Kabla ya hapo tulikuwa tunatumia sheria ya viwanda iliyotungwa enzi za mkoloni, mwaka 1950. Msimamizi wa sheria hii ni OSHA, wakala wa serikali ulioanzishwa mwaka 2001. Inamtaka mwajiri asajili eneo lake la kazi, atoe vifaa kinga, awape wafanyakazi taarifa kuhusu hatari zilizopo na awafundishe. Mwenye wafanyakazi zaidi ya wanne anatakiwa ateue mwakilishi wa usalama na afya kati yao.

Rudia hapo: zaidi ya WANNE. Hiyo siyo sheria ya viwanda vikubwa vya Chang'ombe peke yake. Karakana ya Keko yenye vijana sita wanaotengeneza makochi imo. Gereji yenye mafundi saba imo. Nyumba inayojengwa Chamazi na fundi mwenye wasaidizi wanane nayo imo. Nani kati yao ana mwakilishi wa usalama? Jibu unalo mwenyewe.

Halafu kuna Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF. Sheria yake ni ya mwaka 2008, mfuko wenyewe ukaanza kazi mwaka 2015. Anayechangia ni mwajiri, siyo wewe. Hakuna kukatwa mshahara. Kwa sekta binafsi ilianza asilimia 1 ya mishahara, baadaye ikashushwa mpaka nusu asilimia. Ukiumia kazini unatibiwa na kulipwa fidia, na ukifa tegemezi wako wanapata pensheni. Lakini mfuko utamtambuaje mtu ambaye jina lake haliko kwenye karatasi yoyote?

KWA NINI MAFUNZO HAYAMFIKII KIBARUA

Tuchukue saiti ya kawaida. Mwenye jengo kampa kazi mkandarasi. Mkandarasi kampa kipande fundi mkuu. Fundi mkuu kaita mafundi wake, na kila fundi kaja na saidia fundi wake aliyemuokota kijiweni. Mpaka umfikie yule kijana wa ndoo ya zege umeshavuka watu wanne. Sasa mwajiri wake ni nani? Kila mmoja ananyoosha kidole kwa mwenzake.

Siku maafisa usalama wakija kufundisha wanakuta watu 40. Wiki mbili baadaye nusu yao hawapo, wameenda saiti nyingine Goba au Kigamboni, na wamekuja wengine ambao hawajui hata kuwa kulikuwa na mafunzo. Kwenye faili kila kitu kiko safi: wafanyakazi wamefundishwa, picha zipo, sahihi zipo. Kwenye zege hakuna aliyefundishwa.

Na kijana akithubutu kuuliza, majibu tunayajua:

"Bosi, huu mtaro mbona kingo zinameguka?"

"Dogo, kama unaogopa nenda nyumbani. Wenzako wamejaa getini."

Hapo hata angekuwa na vyeti kumi vya OSHA, atafanya nini? Ataingia mtaroni. Nyumbani wanasubiri unga.

MENEJA NDIYE WA KUFUNDISHWA KWANZA

Watu wengi wanadhani usalama kazini ni helmeti. Wataalamu wa fani hii wana ngazi yao ya kupambana na hatari, na inafundishwa dunia nzima.

Ngazi ya kwanza ni kuiondoa hatari yenyewe. Kama nondo zinaweza kufungwa chini ndipo zipandishwe, kwa nini mtu akazifungie juu? Ya pili ni kubadilisha, kitu cha hatari kwa kingine chenye nafuu. Ya tatu ni kuweka kizuizi: kingo za mtaro zishikiliwe kwa mbao, mkanda wa mashine ufunikwe, ukingo wa ghorofa uwekewe reli. Ya nne ni kupanga kazi: zamu, mapumziko, watu wasipite chini ya mzigo unaonyanyuliwa. Ya tano, ya mwisho kabisa, ndiyo vifaa kinga. Kofia, miwani, mkanda wa kujifunga ukiwa juu.

Sasa jiulize, kati ya ngazi hizo tano, ngapi ziko mikononi mwa kibarua? Labda ile ya mwisho, nayo ni kama amepewa hiyo kofia. Nne za kwanza zote ni za bosi. Yeye ndiye anayenunua mbao za kuzuia mtaro, au anayesema "acha tu, kesho tunafukia". Kwa hiyo ukimfundisha kibarua peke yake ukamwacha meneja, umempa somo la namna ya kuvumilia hatari alizotengenezewa na mwingine.

MIFANO TUNAYO

Machi 29, 2013, ilikuwa Ijumaa Kuu, jengo la ghorofa 16 lililokuwa linajengwa Mtaa wa Indira Gandhi katikati ya jiji liliporomoka. Walikufa watu 36. Kulikuwa na mafundi, vibarua, na watoto waliokuwa wanacheza jirani. Niambieni, saidia fundi angevaa helmeti gani ya kumkinga na ghorofa 16?

Mei 23, 2024, kwenye kiwanda cha sukari cha Mtibwa kule Turiani, Morogoro, bomba la mvuke lilipasuka. Wakafa wafanyakazi 11. Mvuke wa kiwandani una joto na msukumo ambao hauchezewi, na wanaokuwa jirani nao usiku wa kazi maisha yao yako mikononi mwa ukaguzi na matengenezo yaliyopangwa na wengine.

Novemba 16, 2024, likaanguka jengo la ghorofa nne Kariakoo, asubuhi, watu wako kwenye biashara zao. Walikufa zaidi ya 20. Pale hapakuwa na kiwanda, palikuwa na maduka. Ila duka nalo ni mahali pa kazi. Muuza duka naye ni mfanyakazi. Nani aliwahi kumfundisha dada wa dukani Kariakoo atoke vipi jengo likianza kutoa sauti?

Na kuna mfano mmoja wa nje ambao naona unafundisha kuliko yote. Aprili 2013, mwezi mmoja tu baada ya lile jengo la Indira Gandhi, kule Bangladesh jengo la Rana Plaza lenye viwanda vya nguo lilionyesha nyufa. Benki iliyokuwa kwenye jengo hilohilo ikawaambia wafanyakazi wake wasije kesho yake. Wenye viwanda wakawaamuru mafundi cherehani waingie kazini. Tarehe 24 jengo likaanguka, wakafa watu zaidi ya 1,100. Nyufa zilionekana na wote. Waliopona walikuwa na bosi aliyesema msije, na waliokufa walikuwa na bosi aliyesema ingieni.

Mwezi uliofuata makampuni ya nguo na vyama vya wafanyakazi walisaini makubaliano ya usalama kwa viwanda vya Bangladesh. Ndani yake waliweka mafunzo, na waliweka pia haki ya mfanyakazi kukataa kazi ya hatari bila kuadhibiwa. Mafunzo bila haki hiyo ya pili ni sawa na kumfundisha mtu kusoma kibao cha HATARI halafu unamsukuma apite.

KWA HIYO MFANYAKAZI ASIFUNDISHWE?

Hapana, sijasema hivyo. Yapo mambo ambayo kijana akiyajua leo anapona leo.

Mfano mashimo. Shimo la choo au kisima cha zamani linaweza kuwa na hewa mbaya isiyo na oksijeni ya kutosha, na wala huioni. Mmoja anashuka, anaanguka. Mwenzake kwa huruma anamfuata, naye anaanguka. Mnazika wawili au watatu. Somo lake ni la dakika tano: usishuke kabla hewa haijapimwa, na mwenzako akianguka USIMFUATE, ita Zimamoto kwa 114.

Mfano mwingine ni mafundi wa kuchomelea mageti wanaofumba macho badala ya kuvaa kioo cheusi. Usiku macho yanawasha kama yametiwa mchanga. Au wapasua kokoto wa Kunduchi, wanaokula vumbi la mawe miaka nenda rudi. Baadhi ya mawe yana vumbi linalokaa kwenye mapafu na kuyakausha taratibu, na mapafu yakishaharibika hivyo hayarudi. Kumwagia maji ili vumbi lisipande ni kitu cha bei ndogo sana, ila mtu lazima aambiwe.

WATASEMA NI GHARAMA

Najua kuna wadau wenye karakana zao watasema "dogo, wewe unaandika tu, hujui biashara". Sawa, hoja yao ina uzito. Mtu mwenye karakana ndogo analipa pango, umeme, leseni na kodi, ukimuongezea na kozi analia. Lakini mazungumzo ya dakika kumi kila asubuhi kabla ya kazi yanagharimu nini? Leo tunafanya nini, hatari iko wapi, nani anasimama wapi. Ada ya kusajili eneo la kazi OSHA nayo ilishafutwa miaka kadhaa iliyopita. Na huo mchango wa nusu asilimia ni mdogo kuliko kuuza mashine zako ili umtibu mtu aliyekatwa vidole na msumeno wako.

NINI KIFANYIKE

Moja, mafunzo yamfuate mtu, yasikae kwenye saiti. Uingereza fundi wa ujenzi hubeba kadi, inaitwa CSCS, inayoonyesha kuwa amepimwa ujuzi wake wa usalama, na anahama nayo saiti hadi saiti. Sisi tuna VETA, ipo hapo Chang'ombe, na kuna mpango wa kurasimisha ujuzi wa mafundi waliojifunzia mtaani. Somo la usalama likibanwa humo, kijana akatoka na kadi yake, tatizo la kibarua kuhamahama linapungua sana.

Mbili, kibali cha ujenzi kisitoke mpaka mwenye jengo na msimamizi wake wawe wamekaa darasani wenyewe, siyo kumtuma karani. Halmashauri za Kinondoni na Temeke zinatoa vibali kila siku, mlango huo uko wazi.

Tatu, serikali za mitaa zisaidie. Mjumbe anajua kila nyumba inayojengwa mtaani kwake kuliko mkaguzi yeyote.

Nne ni kwako wewe unayesoma, hasa uliyemaliza shule juzi na mshikaji kakwambia kuna kazi saiti. Uliza jina la aliyekuajiri na uandikwe kwenye daftari. Piga picha daftari hilo kwa simu, au picha yako ukiwa kazini. Siku ukiumia, huo ndio ushahidi kwamba ulikuwepo. Na mkiona kingo za mtaro zinameguka, msiende kusema mmoja mmoja. Nendeni wote. Mmoja anafukuzwa getini, ila kumi na mbili wakiweka koleo chini, zege halimwagwi siku hiyo.

Juni 2022 kule Geneva, nchi wanachama wa Shirika la Kazi Duniani walikubaliana kwamba mazingira salama ya kazi ni haki ya msingi, sawa na haki ya kutofanyishwa kazi kwa nguvu. Tanzania ni mwanachama. Kwa hiyo yule wa ndala juu ya mirunda akidai buti haombi hisani, anadai chake.

Haya wadau, uwanja wenu. Wewe unayefanya kazi kiwandani, dukani au saiti, uliwahi kufundishwa? Na bosi wako, aliwahi kukaa kwenye darasa hilohilo? Naomba kuwasilisha.