Mawakala wa walimu ng'ambo wawajibishwe kisheria

Mwalimu anayedhulumiwa katika shule ya ng'ambo humwendea kwanza wakala aliyempeleka huko. Lakini mara nyingi wakala huyo hulipwa na shule iyo hiyo inayolalamikiwa. Huko ni kumpelekea ngedere kesi ya nyani.

Mnamo 2004, nchi za Jumuiya ya Madola, Kenya ikiwemo, zilipitisha mwafaka kuhusu uajiri wa walimu wa kigeni. Unataka mwalimu afahamishwe mapema atakakopeleka malalamiko. Hata hivyo, mwafaka huo hauna nguvu za kisheria.

Tazama tofauti pale sheria inapotumika. Walimu wapatao 350 kutoka Ufilipino, waliopelekwa Louisiana, Marekani, kuanzia 2007 baada ya kutozwa maelfu ya dola, waliishtaki kampuni ya Universal Placement International. Desemba 2012, mahakama ya California iliamua walipwe dola milioni 4.5. Wasimamizi wa shule hawakupatikana na hatia. Mzigo uliangukia wakala.

Kenya nayo huwapa leseni mawakala wa ajira za ng'ambo. Leseni hiyo yafaa imlazimu wakala kuchunguza kila lalamiko kwa muda maalumu, na kukoma kuipelekea walimu shule inayovunja mikataba.