Kabla basi halijaondoka, tuhesabiane

Somo: Luka 2:41–52



Septemba 27, 2023 Shirikisho la Soka Afrika (CAF) lilizipa Tanzania, Kenya na Uganda uenyeji wa Fainali za Mataifa ya Afrika (AFCON) za 2027. Agosti 2025 tulionja ugeni wa namna hiyo, nchi hizi 3 zilipoandaa CHAN, mashindano ya wachezaji wa ligi za ndani. Agosti 2 Taifa Stars iliifunga Burkina Faso mabao 2-0 katika Uwanja wa Benjamin Mkapa, na Agosti 22 Morocco ikatutoa robo fainali kwa bao 1-0 palepale. AFCON ni kubwa zaidi, na watakaotaka kwenda kujionea watakuwa wengi zaidi.

Kwa mtu wa Mtunda, wilayani Kibiti, jiji la Dar es Salaam si mbali. Akishika Barabara ya Kilwa anapita Kibiti, Bungu, Jaribu Mpakani, Mkuranga na Mbagala, na kabla hajaingia katikati ya jiji, uwanja huo hapo Temeke. Huko Mbagala huenda ana shangazi, kaka au mtu wa kijijini kwao. Kwa hiyo habari za kukodi basi hazitakosekana, na swali litafika hadi kanisani: je, ni halali Mkristo kutumia fedha za korosho au ufuta kwenda kutazama mpira?

Wako watakaojibu upesi kwamba huo ni upuuzi wa dunia. Mimi nasita. Katika Kumbukumbu la Torati 14:24–26, Mwisraeli aliyeishi mbali na mahali alipopachagua Bwana aliruhusiwa kuuza zaka ya mazao yake, kusafiri na fedha mkononi, na akifika anunue alichokitamani, ale na kufurahi pamoja na jamaa yake. Ile ilikuwa sikukuu ya ibada, na mpira si ibada. Hata hivyo, Mungu tunayemwona hapo hamkasirikii mkulima anayefunga safari na kufurahia jasho lake. Ila mstari wa 27 unaweka sharti: asimsahau Mlawi, yule asiye na shamba.

Basi swali si tu kama twende au tusiende, bali tunakwendaje. Hapo ndipo somo letu la leo linapotusaidia.

Wakati wa Pasaka, Yerusalemu ulifurika wageni kutoka kila upande. Yusufu na Mariamu walikwenda kila mwaka, na Yesu alipokuwa na miaka 12 alikuwa pamoja nao. Sikukuu ilipokwisha wakashika njia ya kurudi, naye akabaki mjini bila wao kujua. Walitembea mwendo wa kutwa nzima wakidhani yumo katika msafara, kisha wakaanza kumtafuta kwa jamaa na wenzao. Walimpata hekaluni baada ya siku 3.

Wazazi hawa walikuwa wacha Mungu, na walitoka kwenye sikukuu ya Mungu. Kilichowaponza ni kudhani. Katika msafara mkubwa ni rahisi kila mtu kuamini kwamba mtoto yuko na mwingine. Ikiwa jambo hilo liliwapata Yusufu na Mariamu, litashindwaje kutupata sisi usiku, watu wanapomiminika kutoka uwanja wenye viti 60,000?

Kwa hiyo nawaomba wazee wa kanisa na viongozi wa vijana: mkikodi basi, awepo mtu mmoja mwenye daftari la majina na namba za simu. Ahesabu watu wakati wa kwenda, wakati wa kutoka uwanjani, na tena kabla gari halijawashwa. Binti wa miaka 15 awe na mama anayejua amekaa wapi. Na dereva aliyeendesha mchana msimlazimishe kurudi usiku huohuo ili kuokoa gharama. Apumzike, mwondoke kumekucha.

Tena, Waislamu ni wengi upande wa Rufiji na Kibiti, na basi hilo litatubeba pamoja. Daftari lisiwe la Wakristo tu. Mariamu alimtafuta mwanawe kwa jamaa na kwa wenzao wa safari. Mtoto wa jirani naye ni wa msafara wetu.

Jambo la pili ni mwenyeji. Wahenga walisema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Lakini atapona vipi iwapo watu 8 wanaingia mikono mitupu katika vyumba 2 vya Mbagala, anakonunua maji kwa ndoo na unga kwa kilo? Mtume Paulo alifanya kazi usiku na mchana asiwalemee Wathesalonike (1 Wathesalonike 2:9). Pigeni simu mapema. Bebeni mchele, samaki na korosho. Mechi ikiisha ageni, kabla hamjapewa jembe.

Jambo la tatu ni wanaobaki nyumbani. Mlawi wako ni nani? Huenda ni bibi anayesubiri dawa, au mwanao anayehitaji sare na madaftari. Kama nauli na tiketi vinatoka kwenye fungu lao, baki Mtunda, ukatazame mechi kibanda umiza na ushangilie kwa sauti ileile. Na aliyejaliwa kwenda asidhani atairudisha nauli kwa mkeka wa kubeti. Wengi hupoteza hata ya kurudia.

Tukisoma Luka 2:51, tunaona Yesu akishuka pamoja nao mpaka Nazareti, akawatii. Yale makubwa ya hekaluni hayakumfanya aidharau nyumba ya fundi seremala. Kijana wetu naye ataona taa, magari na majengo ya jiji. Tumfundishe kurudi akiwa bado anawaheshimu wazazi wake na shamba linalomlisha.

Ee Bwana, walinde wasafiri wetu na wenyeji wao, na usiruhusu hata mmoja aachwe njiani. Amina.